Lugha ya Mwendo: Ufumbuzi wa Maswali ya Fizikia ya Mwanzo kwa Mifano ya Katesh

Somo la mwendo ndilo mlango wa fizikia. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nalo mapema, kabla ya umeme na kabla ya mawimbi, na wengi hukwama papo hapo mlangoni. Sababu itajwayo mara nyingi ni hesabu: ati mwanafunzi hajui kugawanya, ama hazikumbuki kanuni. Lakini mtu akizitazama kanuni zenyewe ataona kuwa hazizidi nne, na kazi yake ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, pamoja na kipeuo cha pili mara moja moja. Ugumu uko mahali pengine. Swali la mwendo ni sentensi kabla ya kuwa hesabu, na baadhi ya idadi anazozihitaji mwanafunzi hazikuandikwa kwa tarakimu, bali zimefichwa ndani ya vitenzi. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha zilikofichwa, na namna ya kuzitoa.

Mifano yote imewekwa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara. Mji huo uko chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, nao uko katika barabara iendayo Singida upande mmoja na Babati upande wa pili. Mahali hapo panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mwendo wa kila namna uko mbele ya macho ya mwanafunzi: mabasi ya barabarani, makundi ya ng'ombe, wakimbiaji mashuhuri wa nyanda hizo, na mteremko wa mlima. Pili, ni mahali pa lugha nyingi. Wako Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wako Wabarabaig, wasemao Kidatoga, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti. Na wako Wanyaturu, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili. Watoto wengi wa huko hukikamilisha Kiswahili katika shule ya msingi, ambako tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za serikali. Wakiingia sekondari huikuta fizikia imeandikwa kwa Kiingereza. Basi swali moja la mwendo huweza kuvuka mipaka miwili ya lugha kabla halijafika kwenye karatasi ya majibu.

I. Neno "mwendo" na jamaa zake

Neno mwendo latokana na kitenzi kwenda, na katika mazungumzo ya kila siku lina maana zisizopungua nne. Maana ya kwanza ni hali ya kwenda yenyewe. Maana ya pili ni umbali unaopimwa kwa muda, kama mtu asemapo kuwa kisima kiko mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Maana ya tatu ni wepesi wa kwenda, kama abiria amwambiapo dereva apunguze mwendo. Maana ya nne ni tabia, kama mtu asifiwapo kuwa ana mwendo mwema.

Mzungumzaji hapati taabu kwa wingi huu wa maana, kwa kuwa mazingira ya sentensi humwonyesha iliyokusudiwa. Fizikia haina uvumilivu huo. Hiyo yataka kila kipimo kiwe na jina lake na kizio chake. Kwa hiyo mwendo hubaki kuwa jina la hali ya kwenda tu. Urefu wa njia iliyopitwa huitwa umbali, nao hupimwa kwa mita. Kipindi kilichotumika huitwa muda, nacho hupimwa kwa sekunde. Umbali ukigawanywa kwa muda hupatikana kasi, na kizio chake ni mita kwa sekunde.

Neno mwendokasi limetumika vilevile kwa maana ya kasi. Lakini tangu mwaka 2016, yalipoanza mabasi yaendayo haraka mjini Dar es Salaam, watu wengi wakilisikia hufikiri basi kwanza. Mwalimu alitumiaye darasani hana budi kuliweka wazi tangu mwanzo.

Kasi haina habari ya upande. Ikitajwa pamoja na upande inakoelekea, huitwa velositi. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ya kitaalamu mno, lakini barabara ya Babati yaieleza kwa urahisi. Iwe kwamba kutoka Katesh hadi Babati, kwa kufuata barabara ipitayo Dareda, ni kilomita 75, na kwa mstari ulionyooka kama arukavyo kunguru ni kilomita 54. Basi lililotoka Katesh na kufika Babati limepita umbali wa kilomita 75, lakini limehama mahali pake kwa kilomita 54 tu, kuelekea kaskazini mashariki. Likirudi Katesh jioni ile ile litakuwa limekwenda umbali wa kilomita 150, na kuhama kwake ni sifuri, maana liko pale pale lilipokuwa asubuhi. Konda atalipia mafuta ya kilomita 150. Lakini velositi ya wastani ya safari nzima ni sifuri.

La mwisho katika jamaa hizi ni mchapuko. Wataalamu wa istilahi walifanya vyema hapa, maana neno hili lina mzizi hai katika lugha: chapuka ni kwenda upesi zaidi, na mtu huambiwa achapue miguu mvua inapokaribia. Katika fizikia mchapuko ni kiasi velositi inachobadilika kwa kila sekunde. Kizio chake huwatisha wanafunzi: mita kwa sekunde kwa sekunde. Lakini kikisomwa polepole hakina fumbo. Gari lenye mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde huongeza kasi yake kwa mita 2 kwa sekunde, kila sekunde ipitayo. Sekunde ya kwanza ikiisha kasi ni 2, ya pili 4, ya tatu 6. Istilahi hizi na nyingine nyingi zimekusanywa katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa Kiswahili kimepungukiwa na maneno ya mwendo. Kilichopungua ni mazoezi ya kuyatumia.

II. Saa ya kuanzia na saa za safari

Neno lingine litegalo ni saa. Kiswahili hutumia neno moja kwa mambo mawili: nukta ya wakati na urefu wa muda. Basi lililotoka saa mbili na basi lililokwenda saa mbili ni mabasi yenye habari tofauti kabisa. La kwanza limetajiwa wakati wa kuanza; la pili limetajiwa muda wa safari. Kanuni ya kasi yahitaji muda, si nukta. Kwa hiyo kila zinapotajwa nukta mbili, kazi ya kwanza ni kutoa moja katika nyingine.

Chukuliwe swali hili: Basi lilitoka Katesh saa 2:00 asubuhi, likafika Babati saa 3:30. Njia ni kilomita 75. Kasi yake ya wastani ni ipi? Muda ni saa moja na nusu, na 75 ikigawanywa kwa 1.5 hupatikana kilomita 50 kwa saa.

Kwa hesabu ya Kizungu basi hilo lilitoka saa 8:00 na kufika saa 9:30. Jibu ni lile lile, kwa kuwa kinachotakiwa ni tofauti ya nukta mbili, na tofauti haijali siku imeanza kuhesabiwa usiku wa manane au alfajiri. Hatari iko katika kuchanganya. Mwanafunzi akichukua saa mbili ya Kiswahili kuwa mwanzo, na 9:30 ya tikiti kuwa mwisho, atapata muda wa saa saba na nusu na kasi ya kilomita 10 kwa saa. Hesabu yake ya kugawanya ni sahihi, lakini basi lake litapitwa na kila mkimbiaji wa Hanang. Na hili ni funzo la kushika: jibu la swali la mwendo lazima lipimwe kwa akili ya kawaida kabla ya kalamu kuwekwa chini.

III. Wastani na papo hapo

Wakimbiaji hao wafaa kutazamwa, kwa sababu wao ndio waonyeshao vizuri maana ya neno wastani. Gidamis Shahanga, mwanariadha wa Hanang, alishinda mbio za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 39.8. Marathoni ni mita 42,195. Muda wote ukigeuzwa kuwa sekunde ni 8,139.8. Basi kasi yake ya wastani ilikuwa 42,195 ÷ 8,139.8, yaani karibu mita 5.18 kwa sekunde, au kilomita 18.7 kwa saa. Kugeuza kutoka mita kwa sekunde hadi kilomita kwa saa huzidishwa kwa 3.6, kwa sababu saa moja ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000.

Je, Shahanga alikwenda kwa mita 5.18 kwa sekunde wakati wote? La. Wastani haudai hivyo. Wasema tu kwamba mtu mwingine ambaye angekwenda kwa kasi hiyo bila kubadilika, tangu mwanzo hadi mwisho, angefika pamoja naye. Kasi ya papo hapo ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mjini Tokyo mwezi Septemba mwaka 2025. Alphonce Simbu, mwenyeji wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo, naye akawa wa pili. Picha ya mwisho wa mbio ndiyo iliyoamua, na tofauti yao ilikuwa sehemu 3 katika mia za sekunde moja. Kwa wastani wa mbio nzima, ambao ni karibu mita 5.42 kwa sekunde, tofauti hiyo ni sentimita 16 hivi. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa wamechapua miguu mwishoni, kwa hakika ilizidi kidogo. Ukiulizwa wastani, watu hawa wawili walikuwa sawa. Kilichotoa nishani ni kasi ya hatua chache za mwisho, ambayo wastani hauwezi kuisema. Kwa hiyo mwanafunzi ausomapo mswada wa swali na atazame: ameambiwa kasi ya wastani, au kasi ya wakati fulani? Kanuni ya kugawanya umbali kwa muda yajibu la kwanza tu.

IV. Sifuri zilizofichwa katika vitenzi

Kasi ibadilikapo kwa mchapuko usiobadilika, kanuni zitumikazo ni hizi tatu:

v = u + at
s = ut + ½at²
v² = u² + 2as

Hapa u ni velositi ya mwanzo, v ni velositi ya mwisho, a ni mchapuko, t ni muda, na s ni umbali uliopitwa kwa mstari ulionyooka. Herufi hizi ni alama tu. Zimezoeleka duniani kote, na mwanafunzi asihangaike kutafuta katika Kiswahili neno lianzalo na kila mojawapo. Jambo kubwa ni kuwa mambo ni matano, na kila kanuni yataja manne. Ukijua matatu, la nne hupatikana.

Lakini mwanafunzi husoma swali na kulalamika kuwa amepewa mawili tu. Mara nyingi la tatu limo, ila halina tarakimu. Litazamwe swali hili:

Basi lilikuwa likienda kwa mita 20 kwa sekunde dereva alipokanyaga breki. Likasimama baada ya sekunde 4. Lilikwenda umbali gani tangu alipokanyaga?

Tarakimu ni mbili, 20 na 4. Lakini vitenzi vyasema zaidi. "Lilikuwa likienda" ni hali iliyokuwa ikiendelea kabla ya tukio; hiyo ndiyo velositi ya mwanzo, u = 20. "Alipokanyaga" chatupa nukta ya kuanzia kuhesabu: kiambishi -po- ndicho kiwekacho saa yetu kwenye sifuri. "Likasimama" chaonyesha kwa kiambishi -ka- kuwa tukio hili limefuata lile la kwanza, na kwa maana ya kitenzi chenyewe kuwa mwishoni hapakuwa na mwendo tena. Kusimama ni kuwa na velositi ya sifuri. Basi v = 0, na idadi ya tatu imepatikana bila kuandikwa. Kwa kanuni ya kwanza, 0 = 20 + 4a, hivyo a = −5. Alama ya kutoa maana yake ni kuwa mchapuko unapinga mwendo; ndiko kupunguza mwendo kwa lugha ya kila siku. Kwa kanuni ya pili, s = 20 × 4 − ½ × 5 × 16 = 80 − 40 = mita 40.

Vitenzi vingi vina sifuri za namna hii, na vyastahili kufundishwa kwa makundi. "Likaondoka", "likaanza safari" na "likang'oa" vina sifuri mwanzoni: u = 0. "Likasimama", "likatulia" na "likakwama" vina sifuri mwishoni: v = 0. "Likaendelea kwa kasi ile ile" chasema kuwa mchapuko ni sifuri.

Vitenzi vya kuanguka vyataka uangalifu zaidi. Jiwe likiangushwa au kuachiwa, mkono haukulipa mwendo wowote; u = 0, na mchapuko wake ni ule wa mvutano wa dunia, karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde kuelekea chini. Jiwe likitupwa au kurushwa, mkono umelipa mwendo. U si sifuri, na lazima itajwe au itafutwe. Na jiwe lililorushwa wima kwenda juu lina sifuri nyingine iliyojificha katikati ya safari: linapofika upeo wa kimo chake, kabla ya kugeuka, velositi yake ni sifuri kwa nukta moja. Lakini mchapuko hauwi sifuri hata hapo. Kama ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki hewani milele.

Tofauti kati ya kuangusha na kurusha kila mtoto wa Kiswahili aijua kwa mikono yake. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kuwa tofauti hiyo hiyo, na si nyingine, ndiyo iamuayo kama aandike u = 0.

V. Hatua za kufumbua swali

Kutokana na hayo, swali lolote la mwendo laweza kushikwa kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza: lisome swali lote bila kalamu, na useme kwa maneno yako nini kinakwenda, kinatoka wapi, na kinaishia wapi.

Hatua ya pili: chora mstari. Weka nukta ya mwanzo na nukta ya mwisho, na mshale wa upande uliochagua kuwa wa kujumlisha. Kila kinachokwenda kinyume cha mshale kitapewa alama ya kutoa.

Hatua ya tatu: orodhesha u, v, a, t, s. Jaza tarakimu zilizoandikwa, kisha urudi katika vitenzi na kutafuta zilizofichwa. Geuza vizio vyote viwe mita na sekunde.

Hatua ya nne: chagua kanuni yenye kile kitafutwacho na visemwavyo tu, kisha kokotoa.

Hatua ya tano: uliza kama jibu laaminika. Basi la kilomita 10 kwa saa, au la kilomita 400 kwa saa, lina kosa ndani yake.

Hatua hizi zijaribiwe kwa swali lisilo la vitabuni tu. Barabara ya lami yapita Katesh penye watu na mifugo. Iwe kwamba mtoto mchungaji aingia barabarani akiwafuata ng'ombe wake, mita 40 mbele ya basi. Dereva atumia sekunde moja tangu kuona hadi kukanyaga breki, na breki zatoa mchapuko wa −5. Je, basi litasimama kabla ya kumfikia? Lipimwe kwa kasi mbili: kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria penye makazi, na kilomita 80 kwa saa.

Kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde. Katika sekunde ya kuona basi lakwenda mita 13.9 bila kupungua. Kisha kwa kanuni ya tatu, 0 = 13.9² − 2 × 5 × s, hivyo s ni karibu mita 19.3. Jumla ni mita 33.2. Basi limesimama, na zimebaki mita 7 kati yake na mtoto.

Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Sekunde ya kuona yala mita 22.2, na zimebaki mita 17.8 tu za kupunguza mwendo. Velositi ya basi linapofika pale alipo mtoto ni v² = 22.2² − 2 × 5 × 17.8, yaani karibu 315. Na v ni karibu mita 17.7 kwa sekunde, au kilomita 64 kwa saa. Dereva amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, na bado amemfikia mtoto kwa kasi ipitayo kikomo cha mjini.

Mtu asiyejua kanuni hudhani kuwa kilomita 30 za ziada huongeza hatari kidogo tu. Kanuni yasema vingine, kwa sababu ya ile alama ya mraba: kasi ikiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Wahenga waliosema kuwa mwenda pole hajikwai hawakuiandika kanuni hiyo, lakini walikuwa wameuona ukweli wake.

VI. Mlima na mipaka ya kanuni

Hapana budi kusema pia mahali kanuni hizi zinapokoma. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaipiga Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha yao. Mwanafunzi wa Katesh akifundishwa mwendo wa kitu mteremkoni, hili ndilo litakalomjia moyoni, na si vyema somo lijifanye halikuliona.

Akichukua kanuni ya tatu na kuuliza kasi ya gimba lililoteremka kwa tofauti ya kimo cha mita 1,000 bila kuzuiwa na chochote, atapata v² = 2 × 9.8 × 1,000 = 19,600, na v = mita 140 kwa sekunde, yaani kilomita 504 kwa saa. Tope haliendi hivyo. Hatua ya tano yalikataa jibu hili, nayo yatulazimisha kutafuta sababu. Sababu ni msuguano. Tope hujisugua na ardhi, mawe hugongana, miti huzuia. Mchapuko haubaki ule ule hata kwa sekunde chache. Na kanuni zote tatu zilijengwa juu ya sharti moja, kwamba mchapuko haubadiliki. Mwanafunzi aliyelifahamu sharti hilo ameifahamu fizikia kuliko yule aliyekariri kanuni kumi.

Lakini kanuni ya kwanza kabisa, ile ya umbali, kasi na muda, yabaki na faida kubwa. Iwe kwamba mkondo wa tope wateremka bondeni kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde, na mji uko kilomita 3 chini ya mahali ulipoanzia. Muda ni 3,000 ÷ 10, yaani sekunde 300. Hizo ni dakika tano tu. Kwa hesabu hiyo yaonekana kwa nini onyo litolewalo tope likisha kuonekana huwa limechelewa, na kwa nini onyo lenye kufaa ni lile litokalo wakati mvua ingali ikijaza mlima.

Swali la pili ni la mtu aliye bondeni, mita 200 mbele ya mkondo huo. Akikimbia kuteremka na bonde kwa mita 5 kwa sekunde, ambayo yakaribia kasi ya marathoni ya Shahanga, mkondo utamkaribia kwa 10 − 5, yaani mita 5 kila sekunde, na utamfikia baada ya sekunde 40. Lakini ikiwa ukingo wa bonde ulioinuka uko mita 60 kando yake, naye akaupanda kwa mita 3 tu kwa sekunde, atafika baada ya sekunde 20, na mkondo, uliohitaji sekunde 20 hizo hizo kupita mita 200, utapita nyuma ya visigino vyake. Kwa mwendo wa polepole zaidi ameokoka, kwa kuwa alichagua upande. Hapa ndipo mwanafunzi aonapo kwa nini velositi si kasi tu, na kwa nini upande umetiwa ndani ya maana yake.

VII. Hitimisho

Katika mifano yote iliyotangulia, makosa makubwa hayakuwa ya kuzidisha wala kugawanya. Yalikuwa ya kuchukua nukta ya wakati kuwa muda, wastani kuwa kasi ya papo hapo, kurushwa kuwa kuangushwa, na kasi kuwa velositi. Hayo ni makosa ya kusoma, na dawa yake ni kufundishwa kusoma.

Mwalimu wa fizikia aweza kutumia dakika chache za kila kipindi kulisema swali kwa Kiswahili kwanza, akiwauliza wanafunzi wamwonyeshe sifuri iko katika neno gani, kisha ndipo lihamishwe katika lugha ya mtihani. Kufanya hivyo hakumnyimi mwanafunzi Kiingereza chake. Vitenzi vya kusimama, kuanza na kuangusha vimo katika lugha zote, na sifuri zake zimo pamoja navyo. Aliyekwisha kuzizoea katika lugha anayoifahamu atajua kuzitafuta katika ile anayojifunza. Na mwalimu wa Kiswahili naye anayo sehemu yake katika kazi hii. Afundishapo viambishi vya -ki-, -po- na -ka-, afanye mara moja moja mfano wa basi linalofunga breki, ili wanafunzi waone kuwa viambishi hivyo ndivyo vyenye kueleza lipi lilitangulia na lipi lilifuata, na kwamba mtu asiyevisoma sawasawa hataweza kusema basi lilisimama wapi.